Timu inayojijenga upya iuze wakongwe, ila ijue inamuuza nani na kwa ajili ya mwaka gani

Mchana wa Alhamisi, tarehe 28 Julai 2022, Trey Mancini aliingia kupiga katika uwanja wa Camden Yards, Baltimore, huku kila aliyekuwa jukwaani akijua kwamba huenda ndiyo siku ya mwisho kumwona pale na jezi ya Orioles, timu ya besiboli ya mji huo. Akapiga mpira wa juu kuelekea upande wa kulia, mpira ambao siku nyingine yoyote ungedakwa. Josh Lowe wa Tampa Bay Rays jua likamziba macho, mpira ukamshukia usoni na kubingirika pembeni, na Mancini, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa mbio, akazunguka bezi zote nne, vile vituo vya uwanjani, mpaka nyumbani, yaani akapata pointi. Watu walisimama wakampigia makofi hadi akatoka tena benchini kuwapungia. Siku nne baadaye aliuzwa kwa Houston Astros. Kesho yake Jorge López, mrushaji aliyekuwa akiwamalizia mechi, naye akapelekwa Minnesota Twins.

Timu yenyewe haikuwa mkiani. Mwezi uleule ilikuwa imeshinda mechi 10 mfululizo, jambo ambalo Baltimore haikuwa imeliona tangu 1999, na ilikuwa mechi chache tu nyuma ya nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano. Ilimaliza msimu na ushindi 83 na vipigo 79. Rays walioichukua nafasi ile walikuwa na ushindi 86. Mechi tatu tu. Mpaka leo ukikutana na shabiki wa Orioles atakwambia uongozi uliwauza wenzao vitani.

Mimi nauona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa naelewa kwa nini uliuma. Kilichokosewa Baltimore kilikosewa baadaye, na ndicho kinachonifanya niandike, maana kila ukifika mwisho wa Julai mjadala huu huanza upya kwa timu nyingine na watu hugombana juu ya swali lisilo lenyewe.

Kwa msomaji aliyezoea dirisha la usajili la mpira wa miguu, kuna mambo ambayo besiboli ya Marekani huyafanya kwa njia yake. Kwanza, hakuna kushuka daraja. Timu ikipoteza mechi 110 mwaka huu, mwakani inaanza palepale, kwenye ligi ileile, na mgawo wake wa hela za televisheni uko palepale. Tena kwa miaka mingi aliyeshika mkia ndiye aliyechagua wa kwanza kwenye drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wapya. Tangu makubaliano mapya ya mwaka 2022 nafasi sita za mwanzo hupangwa kwa bahati nasibu, lakini aliye chini bado ana nafasi nzuri kuliko aliye katikati. Pili, mchezaji hanunuliwi kwa fedha taslimu kama tulivyozoea. Analipiwa kwa wachezaji, mara nyingi vijana ambao bado wako ligi za chini. Na la tatu, ambalo ndilo moyo wa soko lote: klabu inammiliki mchezaji kwa misimu sita ya ligi kuu kabla hajawa huru. Mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2022 kilikuwa dola 700,000. Kwa hesabu za besiboli hizo ni hela ndogo sana kwa kijana anayeweza kucheza kama nyota wa dola milioni 20.

Sasa mchukue mkongwe ambaye mkataba wake unaisha Oktoba. Kwa timu iliyoko nyuma ya vinara kwa mechi 20, miezi miwili iliyobaki ya mtu huyo haina kazi. Atapiga vizuri, timu itapoteza, halafu ataondoka bure. Kwa timu inayokimbizana na nafasi ya mwisho ya mtoano, miezi hiyohiyo miwili inaweza kuwa msimu mzima. Tofauti hiyo ya thamani ndiyo inayozaa biashara. Anayekataa kuuza kwa sababu ya mapenzi anatupa kitu ambacho mwenzake yuko tayari kukilipia.

Hadi hapo karibu wote tunakubaliana. Ugumu uko kwenye yanayofuata, na historia ya Orioles wenyewe inafundisha kuliko ya timu nyingi, kwa sababu waliuza mara mbili ndani ya miaka minne, chini ya viongozi wawili tofauti.

Julai 2018 meneja mkuu alikuwa Dan Duquette. Timu ilikuwa imeoza. Ilimaliza na ushindi 47 na vipigo 115. Manny Machado, mchezaji wao bora, alikuwa anakaribia kuwa huru, akauzwa kwa Los Angeles Dodgers. Zack Britton akaenda Yankees, Jonathan Schoop akaenda Milwaukee, Kevin Gausman na Darren O'Day wakaenda Atlanta. Adam Jones naye alitafutiwa soko Philadelphia, akakataa. Kanuni inamlinda mchezaji mwenye misimu 10 ya ligi kuu ambaye mitano ya mwisho ameicheza klabu moja: hauzwi bila ridhaa yake. Jones alikuwa nayo haki hiyo, akaitumia, akamalizia msimu wake mbele ya watu waliompenda. Wapo waliomlaumu kwamba aliinyima klabu vijana. Mtu aliyekaa miaka kumi na moja mahali pamoja ana haki ya kusema siendi, na klabu iliyomhitaji miaka yote hiyo haikuwa na cha kumdai.

Tazama kilichopatikana. Kwa Machado, kijana aliyetangazwa sana alikuwa Yusniel Díaz, mchezaji wa nje kutoka Cuba. Huyo karibu hakucheza ligi kuu kabisa. Aliyeishia kuwa na faida ni Dean Kremer, mrushaji ambaye siku ile wachache walimtaja, na ambaye baadaye alibeba misimu kadhaa kama nguzo ya kawaida ya kuanza mechi. Kwa Gausman, nahisi uchungu hata leo. Alikuwa na umri wa miaka 27, klabu ilikuwa bado inammiliki hadi mwisho wa 2020, na sehemu ya biashara ilikuwa kujitua mshahara wa O'Day wa dola milioni 9 za mwaka 2019. Ukichanganya kuuza mchezaji na kukwepa mshahara, anayenunua anakulipa kwa kukutua mzigo, na vijana unaopata wanapungua ubora. Gausman alikuja kuwa mmoja wa warushaji bora wa ligi akiwa San Francisco na Toronto.

Lakini katika biashara ileile ya Atlanta alikuja kijana mmoja aitwaye Evan Phillips. Baltimore walimpa mpira misimu mitatu mfululizo, akapigwa kila alipoingia, wakaachana naye 2021. Dodgers wakamwokota. Mwaka 2022 aliruhusu wastani wa pointi 1.14 kwa kila inningi 9, yaani vipindi vya mechi nzima, kiwango cha kutisha kwa mrushaji yeyote. Mtu ni yuleyule na mkono ni uleule. Dodgers walimbadilishia mpangilio wa mirusho yake, wakamwonyesha upi autegemee, na lililokuwa takataka Baltimore likawa dhahabu Los Angeles. Kwa hiyo Orioles hawakudhulumiwa siku ile ya Julai 2018. Walipewa kitu kizuri wakashindwa kukitumia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wanaotoa alama za biashara siku ileile inapofanyika, nani kapata A, nani kapata D. Kijana wa miaka 20 anayerusha kilomita 155 kwa saa ni mali ghafi. Thamani yake inategemea makocha wa ligi za chini, kamera, wataalamu wa takwimu, chakula anachokula, Kiingereza anachofundishwa akitoka Venezuela au Jamhuri ya Dominika. Klabu ambayo haijawekeza kwenye hivyo haina biashara ya kuuza wakongwe, kwa sababu itakachopewa itakiharibu.

Mike Elias alipochukua uongozi Novemba 2018, akitokea Houston, kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo: kujenga karakana kabla ya kutafuta malighafi. Akajenga idara ya takwimu ambayo Baltimore ilikuwa nyuma sana kwayo, akafungua kwa dhati mlango wa vijana wa Amerika ya Kilatini ambao klabu ilikuwa imeupuuza. Drafti ya 2019 ikampa Adley Rutschman nafasi ya kwanza na Gunnar Henderson nafasi ya 42. Bei ya haya yote ilikuwa vipigo 108 mwaka 2019 na 110 mwaka 2021. Watu wa Baltimore walikaa kwenye uwanja mtupu wakitazama timu yao ikifungwa kwa makusudi ya uongozi, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Mtoto aliyekuwa na miaka minane 2018 alikuwa na miaka kumi na miwili kabla hajaiona timu yake ikishinda nusu ya mechi zake.

Sasa rudi Agosti 2022 ukiwa na picha hiyo. López alikuwa nyota wa All-Star, mechi ya wachezaji bora wa msimu, mwaka ule, wastani wake wa pointi alizoruhusu ukiwa 1.68. Orioles walikuwa wamemwokota 2020 baada ya Kansas City kumwacha. Warushaji wa kumalizia mechi hupanda na kushuka upesi kuliko kundi lolote la wachezaji, kwa kuwa wanarusha inningi chache na makosa mawili ya mkono yanatosha kuwaharibia mwaka. Elias alikuwa na Félix Bautista nyuma yake, jitu la mita mbili na sentimita tatu hivi, tayari kuchukua nafasi. Akamuuza López bei ikiwa juu kabisa. Akiwa Minnesota, López hakung'ara tena. Waliokuja ni pamoja na Yennier Cano, mrushaji kutoka Cuba ambaye mwaka uliofuata akawa All-Star, na Cade Povich. Bautista akaokoa mechi 33 mwaka 2023, yaani akalinda ushindi hadi mwisho. Ni nadra kuona biashara ya mwisho wa Julai ikimjibu muuzaji haraka hivyo.

Ya Mancini ni tofauti, na nisingependa kuichanganya na ya López kwa sababu tu zilifuatana. Huyu ndiye aliyekuwa pale miaka yote ya giza. Machi 2020 aligundulika na saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji, akapitia tiba ya kemikali, akaukosa msimu mzima, na 2021 akarudi akacheza karibu kila siku. Vijana kama Rutschman walipopanda ligi kuu walimkuta yeye. Klabu ilipata warushaji wawili wa ligi za chini, Seth Johnson na Chayce McDermott, na hakuna kati yao aliyeibadilisha timu. Johnson alikuja kuuzwa Philadelphia 2024 kumleta Gregory Soto. Kwa upande wa uwanjani, Mancini alikuwa anashuka. Akiwa Houston alipiga kwa asilimia 17.6 tu kwenye msimu wa kawaida, na misimu ya 2024 na 2025 hakucheza ligi kuu. Ila katika mechi ya tano ya World Series, fainali ya ubingwa, Yuli Gurriel alipoumia, Mancini aliingia bezi ya kwanza na katika inningi ya nane akadaka mpira mkali wa Kyle Schwarber ambao ungeweza kugeuza mechi. Akapata pete ya ubingwa, na kwangu hiyo ilikuwa moja ya furaha kubwa za mwaka ule.

Je, angebaki, Orioles wangezipata zile mechi tatu? Kwa jinsi alivyopiga Agosti na Septemba, naona vigumu kuamini. Wangehitaji kumbakiza yeye, kumbakiza López, na kuongeza mrushaji wa kuanza mechi, ambaye ndiye waliyemkosa kweli. Kubaki palepale kusingetosha. Na hilo ndilo wauzaji wengi hawalisemi wazi: timu iliyo katikati ina njia mbili za maana, kuuza au kununua, na iliyo mbaya zaidi ni ya tatu, kukaa kimya ukingoja bahati.

Detroit Tigers 2024 walifanya jambo ambalo ningetaka kila meneja mkuu alisome. Tarehe 30 Julai walimuuza Jack Flaherty, mrushaji wao wa pili kwa ubora, aliyebakiza miezi miwili ya mkataba, wakapewa na Dodgers Thayron Liranzo na Trey Sweeney. Wakawauza pia Mark Canha, Carson Kelly na Andrew Chafin. Tarik Skubal, aliyekuwa mrushaji bora wa ligi nzima na mwenye misimu miwili zaidi ya kumilikiwa, simu za kumuulizia hazikupokelewa kwa maana yoyote. Siku kumi na moja baadaye walikuwa na ushindi 55 na vipigo 63. Kutoka hapo wakashinda 31 na kupoteza 13, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, wakawatoa Houston. Sweeney, kijana aliyetoka kwenye biashara ya Flaherty, ndiye aliyekuwa akicheza kati ya bezi ya pili na ya tatu. Flaherty mwenyewe akashinda ubingwa na Dodgers, kisha Februari 2025 akasaini tena Detroit.

Sitaki kuifanya hadithi hiyo kanuni. Bahati ilikuwa nyingi. Lakini mstari walioukata ni sahihi. Aliyebakiza miezi miwili aliuzwa. Aliyebakiza miaka, na ambaye miaka hiyo inaangukia wakati timu inategemea kushindana, hakuuzwa hata kwa mlima wa vijana. Klabu ileile mwaka 2017 ilimwacha Justin Verlander aende Houston usiku wa tarehe 31 Agosti, dakika za mwisho kabisa, kwa vijana watatu ambao mmoja tu, mdakaji Jake Rogers, alikuja kudumu ligi kuu. Verlander akashinda ubingwa mwaka uleule na tuzo mbili za Cy Young, ile ya mrushaji bora, baadaye akiwa Houston. Tigers walihitaji kuuza. Ila hawakuwa na jicho la kuchagua.

Chicago White Sox wao ni onyo la aina nyingine. Julai 2017 walimtoa José Quintana kwa Cubs wakapata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Kabla ya hapo walikuwa wamemuuza Chris Sale na kumpata Yoán Moncada na Michael Kopech. Kila jarida liliwasifu. Mwaka 2021 wakashinda mechi 93 na kuongoza kundi lao, wakatolewa na Houston raundi ya kwanza. Mwaka 2024 wakapoteza mechi 121, nyingi kuliko timu yoyote ya zama za kisasa. Kati ya ile sifa na ile aibu, mkataba mkubwa kuliko wote waliowahi kumpa mchezaji ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75, katika ligi ambayo nyota hulipwa mara nne au tano ya hapo. Walijenga kuta zote nne wakagoma kununua bati.

Na hilo ndilo kosa la Baltimore pia, kwa kiwango kidogo. Mwaka 2023 vijana walikomaa: ushindi 101, wa kwanza kwenye kundi gumu kuliko yote. Ghala la vijana wa Orioles lilikuwa linasifiwa kuwa tajiri kuliko la klabu yoyote. Dirisha la Julai lilipofika, waliyemleta kuimarisha urushaji wa kuanza mechi ni Flaherty huyuhuyu, ambaye mwaka ule alikuwa hovyo. Texas Rangers, wenye ghala dogo zaidi, wakawaleta Max Scherzer na Jordan Montgomery. Oktoba Rangers waliwatoa Orioles kwa mechi tatu mfululizo, wakaenda wakawa mabingwa. Mwaka 2024 Corbin Burnes alikuja kwa msimu mmoja, akarusha vizuri, timu ikashinda 91, ikatolewa na Kansas City kwa mechi mbili, na Burnes akaondoka kwenda Arizona kwa dola milioni 210. Nafasi yake ikajazwa na Charlie Morton mwenye miaka 41 na Tomoyuki Sugano mwenye 35, wote kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Matokeo yake msimu wa 2025 ulivunjika. Kocha mkuu Brandon Hyde akafukuzwa Mei, timu ikamaliza na ushindi 75, na Julai Baltimore ikarudi sokoni kama muuzaji: Cedric Mullins kwenda Mets, Ryan O'Hearn na Ramón Laureano kwenda San Diego, Morton kwenda Detroit, na wengine nyuma yao. Wengi wao mikataba yao ilikuwa inaisha, kwa hiyo kwa kalenda walistahili kuuzwa, na siwezi kuwalaumu kwa mauzo yenyewe. Ninacholaumu ni kwamba timu yenye Henderson na Rutschman haikupaswa kuwa muuzaji tena miaka mitatu tu baada ya kumwondoa Mancini kwa ahadi kwamba wakati wao unakuja.

Klabu sasa iko mikononi mwa David Rubenstein, aliyeinunua 2024 kwa dola bilioni 1.725, na kisingizio cha familia ya zamani isiyotaka kutoa hela hakipo tena. Rutschman anakuwa huru baada ya msimu wa 2027, Henderson baada ya 2028. Wanahitaji warushaji wawili wa daraja la juu, wenye mikataba mirefu, na vijana waliopatikana kwa Mullins, Laureano na wenzao watolewe bila huruma kama ndiyo bei ya kuwapata.